Kivinjari cha Mishamo kinasubiri waifai

Leo tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu tunakitumia kutwa nzima bila kukipa jina: kivinjari. Wengine hupenda kukiita kisakuzi. Ni ile programu unayofungulia kurasa za intaneti: Chrome, Firefox, Opera, Safari, Edge na jamaa zao. Najua baadhi yenu mmeshaanza kupiga miayo. Subirini kidogo. Nataka tukitazame tukiwa Mishamo, tuache Masaki na Mikocheni zipumzike.

Mishamo iko mkoani Katavi, kaskazini mwa mji wa Mpanda, wilaya ya Tanganyika. Wasiopafahamu wajue kwamba ni makazi yaliyoanzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, kama ilivyokuwa Katumba na Ulyankulu. Baada ya kuishi kama wakimbizi kwa zaidi ya miaka 30, mwaka 2010 serikali ilikubali maombi ya uraia ya watu zaidi ya 162,000 wa makazi hayo matatu. Vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa mwaka 2014. Piga hesabu mwenyewe: miaka minne ya kuambiwa "umekubaliwa" huku mkononi huna karatasi.

Kwa hiyo watu wa Mishamo hawahitaji somo la maana ya kusubiri. Wanajua pia uzito wa karatasi. Kwa familia ya namna hiyo cheti cha uraia, cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA si vitu vya kutupa kwenye droo. Na siku hizi vitu hivyo vimehamia kwenye simu: vimepigwa picha, vimetumwa kwa WhatsApp, vimepakiwa kwenye tovuti za serikali kupitia hicho hicho kivinjari tunachokidharau.

Hoja yangu ya leo ni hii: kivinjari kisichosasishwa ni mlango usio na komeo, na mfumo mzima wa kusasisha vivinjari umetengenezwa na watu ambao hawakuwahi kumfikiria mtu wa Mishamo. Tukiishia kumlaumu mtumiaji kwa "uzembe" tutakuwa tumemwonea.

Kwanza tuelewane kuhusu tatizo lenyewe

Kivinjari ni programu kubwa mno, yenye mamilioni ya mistari ya maelekezo. Kazi yake ni ya hatari kwa asili yake: inapokea vitu kutoka kwa watu usiowajua, kama picha, video na maandishi, kisha inavifungua ndani ya simu yako. Katika kazi hiyo hutokea makosa. Kosa dogo la hesabu ya kumbukumbu linaweza kumpa mtu mbaya nafasi ya kuingiza maelekezo yake. Hilo ndilo tunaloliita tundu. Wenye programu wakiligundua hutoa kiraka, na kiraka hicho hukufikia kama sasisho.

Mfano mzuri ni wa Septemba 2023. Liligundulika tundu kwenye maktaba ya programu inayofungua picha za aina ya WebP. Walioripoti ni wahandisi wa usalama wa Apple pamoja na Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto. Picha tu! Hukutakiwa kubofya chochote wala kuandika neno la siri. Picha iliyopikwa kwa ustadi ikifunguka ndani ya kivinjari, mshambuliaji anapata upenyo. Na kwa kuwa maktaba ile ilitumiwa na karibu kila mtu, Chrome, Firefox, Edge na Opera zote zilibidi zitoe viraka. Chrome ilitoa tarehe 11, Firefox tarehe 12.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Firefox peke yake. Oktoba 2024 kampuni ya ESET iliwapelekea Mozilla taarifa ya tundu ambalo tayari lilikuwa linatumiwa na wahalifu. Mozilla walitoa kiraka ndani ya saa 25. Saa ishirini na tano! Hata kujaza fomu kwenye ofisi zetu kunachukua muda zaidi ya huo.

Kwa hiyo upande wa mafundi kasi ipo. Swali ni hili: kiraka kilichotengenezwa kwa saa 25 kinachukua siku ngapi kufika kwenye simu ya kijana wa Mishamo? Wiki? Miezi? Na kama hakifiki kabisa?

Kiraka kikichelewa, hatari inakua

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Tunadhani kwamba kiraka kikitoka, dunia nzima inakuwa salama kidogo kuliko jana. Kwa aliyekiweka, ndiyo. Kwa ambaye hajakiweka, mambo yamekuwa mabaya zaidi.

Siku kiraka kinapotoka, wahalifu nao wanakipakua. Wanalinganisha programu ya jana na ya leo, wanatazama kilichobadilika, na hapo wanajua tundu lilikuwa wapi. Ni sawa na fundi kuja mtaani kutengeneza komeo la nyumba moja, kisha akatangaza kwa kipaza sauti kwamba nyumba zote zilizojengwa mwaka huo zina komeo bovu. Waliosikia na kuita fundi wamepona. Wewe uliyekuwa shamba, mwizi amesikia kabla yako.

Ushahidi? WannaCry. Microsoft walitoa kiraka cha Windows tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei 2017, karibu miezi miwili baadaye, WannaCry ikalipuka na kufunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 100. Hospitali za Uingereza zilisitisha huduma. Lile halikuwa tundu la kivinjari, lakini somo ni lile lile: dawa ilikuwepo kwa siku 59, na wengi walioumia walikuwa hawajainywa. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Google wenyewe wanalikiri tatizo hili. Ndiyo sababu Agosti 2023 walianza kutoa viraka vya Chrome kila wiki, wakisema wanataka kupunguza muda ambao mhalifu anaujua ufa na mtumiaji hajazibiwa. Uamuzi mzuri. Lakini ukitoa kiraka kila wiki kwa mtu anayekipata kila baada ya miezi sita, umempunguzia nini?

Masharti matatu ya Play Store

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Simu nyingi zilizoko vijijini kwetu ni za Android: Tecno, itel, Infinix na wenzao. Kivinjari chake husasishwa kupitia Play Store, na watu wa mjini huamini kwamba mambo yanakwenda yenyewe. Ndiyo, yanakwenda yenyewe, lakini kwa masharti. Kwa mpangilio wa kawaida wa kiwandani, Play Store husasisha programu kimya kimya pale simu inapokuwa imeunganishwa na waifai, iko kwenye chaji, na haitumiki.

Ebu yasome tena masharti hayo ukiwa Mishamo.

Waifai. Ya nani? Intaneti inayojulikana kijijini ni bando. Unanunua la siku au la wiki, unalitumia kwa macho makali kama mtu anayegawa sukari. Mtu anaweza kumiliki simu miaka mitatu na isiwahi kuonja waifai hata mara moja. Kwa simu hiyo, sharti la kwanza peke yake linatosha kuzuia kila kitu.

Chaji. Katavi ni mkoa uliotegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na huko vijijini kibanda cha kuchajia simu kwa sola ni biashara inayoeleweka. Simu inaachwa pale ikiwa imezimwa ili ijae haraka, na ili vijana wa kibanda wasiichezee. Simu iliyozimwa haisasishi kitu.

Haitumiki. Ikiwa mikononi mwa mwenyewe, inatumika. Ikiwa haitumiki, imezimwa. Basi.

Unaona? Hakuna aliyekaa kikao kuamua kwamba mtu wa Mishamo asipate kiraka. Mhandisi wa California aliweka masharti ya busara kabisa kwa mtu wa California: usimmalizie mtu bando, usimmalizie betri, usimsumbue akiwa kazini. Kwa nia njema hiyo hiyo, mtu wa kijijini ameachwa nje ya mlango. Nia njema isiyomjua mlengwa inaumiza kama nia mbaya.

Ongeza na tatizo la nafasi. Simu ya bei ya chini ina hifadhi ndogo, na hifadhi yenyewe imejaa video za kwaya, Bongo Fleva na picha za harusi. Sasisho linahitaji nafasi ya kukaa. Simu inasema "nafasi haitoshi". Utafuta nini? Picha za mama au sasisho usilolijua? Usijibu, tunajua jibu.

Halafu kuna simu zilizokwisha muda wake. Chrome toleo la 138, la mwaka 2025, ndilo lililokuwa la mwisho kwa simu za Android 8 na Android 9. Kuanzia toleo la 139 ni lazima uwe na Android 10 kwenda juu. Simu ya zamani haitazimika. Itaendelea kufungua kurasa vizuri tu, na mwenyewe hataona tofauti yoyote. Hilo ndilo linalonitisha. Gari likiisha breki utajua kwenye mteremko wa kwanza. Kivinjari kikiisha ulinzi kinaendelea kutabasamu.

Steshenari ndiyo benki yetu

Tuache simu, twende steshenari. Kila mji mdogo Tanzania una duka lenye mashine ya kutoa kopi, kompyuta mbili tatu, na bango lililoandikwa kwa mkono: tunaomba vyuo, mikopo, ajira, pasipoti. Nawaheshimu sana hawa ndugu. Bila wao vijana wengi wa vijijini wasingekuwa vyuoni leo.

Fikiria kijana aliyemaliza kidato cha sita anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB. Maombi yote ni ya mtandaoni. Anajisajili kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, anaweka neno la siri, anaweka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, taarifa za wazazi, picha, sahihi, akaunti ya benki. Yote hayo yanapita kwenye kivinjari cha kompyuta ya steshenari. Kivinjari kinauliza: nihifadhi neno la siri? Mwenye duka anabofya ndiyo, kwa sababu kijana atarudi kesho kurekebisha fomu na hakika atakuwa amelisahau.

Baada ya msimu mmoja wa maombi, kompyuta ile imebeba maneno ya siri ya nusu ya vijana wa tarafa. Ni benki isiyo na askari.

Sasa tuitazame kompyuta yenyewe. Mara nyingi inatumia Windows 7 au Windows 10. Windows 7 iliacha kuhudumiwa na Microsoft Januari 2020, na Chrome ikaacha kuitolea matoleo mapya mwanzoni mwa 2023 baada ya toleo la 109. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na mara nyingi Windows hiyo ni ya kuchakachua, yenye masasisho yaliyozimwa makusudi.

Kwa nini yazimwe? Kuna historia hapa, na inafaa tuikumbuke. Enzi za intaneti kafe, kabla nyaya za baharini kama SEACOM hazijafika Dar es Salaam Julai 2009, tulikuwa tunategemea satelaiti. Windows XP ilipotoa kifurushi chake kikubwa cha usalama cha pili Agosti 2004, kilikuwa na zaidi ya megabaiti 260. Kwa laini ya kilobiti 64 kwa sekunde, hata ukiwa peke yako, ni kama saa tisa za kusubiri. Nani angefunga kafe siku nzima kwa ajili ya hilo? Basi mafundi wakafundishana: ukisimika Windows, jambo la kwanza zima masasisho. Mwanafunzi akamfundisha mwanafunzi.

Ikaja sababu ya pili. Microsoft walianza kukagua nakala halali na zisizo halali, na wenye nakala za kuchakachua wakawa wanaletewa mandhari meusi kwenye skrini. Mafundi wakazidi kuzima. Kichekesho ni kwamba Microsoft walikuwa wanaruhusu viraka muhimu vya usalama hata kwa nakala zisizo halali. Kwa kukwepa skrini nyeusi tukakwepa na dawa.

Sababu ya tatu ni zile programu za kugandisha kompyuta, ambazo kila ukizima na kuwasha mashine inarudi ilivyokuwa siku ya kwanza. Nzuri kwa kufuta uchafu wa wateja. Lakini kivinjari kikijisasisha mchana, usiku sasisho linafutwa pamoja na uchafu. Kesho asubuhi kompyuta imerudi mwaka wa nyuma.

Mtandao umebadilika, nyaya zimekuja, bei zimeshuka. Mazoea hayajabadilika. Bado utamsikia fundi akimwambia kijana wake, "Dogo, zima hiyo, inakula bando."

"Nani ahangaike na mkulima wa Mishamo?"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia mara nyingi, na linatolewa na wasomi, si na wakulima. Wanasema: wadukuzi wanatafuta benki na mawaziri. Mkulima wa mahindi na tumbaku wa Katavi ana nini cha kuibiwa?

Nawajibu kwa maneno manne ambayo kila Mtanzania mwenye simu ameyapata: tuma kwenye namba hii. Yule anayekutumia ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" alikuchagua? Hakujui. Ametupa nyavu, anasubiri samaki yeyote. Mashambulizi ya vivinjari mengi yako hivyo hivyo. Mashine inatembea mtandaoni ikigonga milango yote. Haisomi kibao cha jina mlangoni. Inaangalia komeo tu.

Kuna programu za wizi zilizotengenezwa mahsusi kukomba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye vivinjari. Mojawapo, RedLine, ilikuwa inauzwa kama huduma kwa yeyote mwenye pesa, hadi polisi wa Uholanzi, FBI na wenzao walipoivamia mitambo yake Oktoba 2024. Programu za aina hii husambaa sana kupitia mafaili ya kuchakachua programu, yale yale yanayotumiwa kufungua Windows za bure. Na wanachouza baadaye ni mafurushi ya maelfu ya majina na maneno ya siri. Katika furushi hilo, kijana wa Mishamo na mkurugenzi wa New York ni mistari miwili tu.

Lakini hasara si sawa. Mkurugenzi ataipigia benki yake simu na kurudishiwa. Kijana akikuta akaunti yake ya maombi ya mkopo imebadilishwa taarifa siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, anapoteza mwaka. Nauli ya kwenda Mpanda kufuatilia ni pesa. Kulala huko ni pesa. Na kwa yule ambaye baba yake alisubiri karatasi za uraia hadi 2014, kueleza kwenye kaunta ya ofisi kwamba "si mimi niliyeandika hivyo" si jambo dogo. Ana historia ya kuulizwa yeye ni nani.

Tahadhari nayo ina mtego

Kuna vijana wakisoma makala kama hii watakimbilia kusasisha chochote kinachojitokeza. Hapana. Wahalifu wanaijua hofu hiyo. Kuna kurasa zinazokurukia na maandishi makubwa: "Kivinjari chako kimepitwa na wakati, bofya hapa." Ukibofya umejiletea mwizi mwenyewe. Kumbuka kanuni moja: sasisho la kweli haliji kupitia ukurasa wa tovuti uliokuwa unasoma habari za Simba na Yanga. Linatoka ndani ya programu yenyewe, au Play Store, au kwenye tovuti rasmi uliyoiandika mwenyewe.

Vile vile tahadhari na utamaduni wetu wa kurushiana programu kwa Xender na Bluetooth. Naelewa kwa nini tunafanya: inaokoa bando. Lakini anayekurushia anakupa toleo lake, la mwaka juzi, na huenda lilishachezewa njiani. Android ina kinga kidogo: hukataa kuweka sasisho ambalo sahihi yake ya kidijitali haifanani na ya programu iliyopo. Ila kama programu hiyo hukuwa nayo kabisa, hakuna sahihi ya kulinganisha nayo. Hapo umefungua mlango kwa imani.

Na usiamini kivinjari kwa kuwa tu kinabana bando. Opera Mini imetusaidia sana Afrika Mashariki tangu miaka ile ya simu za vibonyezo, na sitaisema vibaya. Lakini mjue inavyofanya kazi: katika hali yake ya kubana sana, ukurasa unapitia kwenye seva za Opera, unafunguliwa na kukandamizwa huko, kisha unaletewa wewe. Kwa kusoma habari hakuna ubaya. Kwa benki au maombi ya mkopo, tumia njia ambayo hakuna mtu katikati. UC Browser nayo, iliyopendwa sana kwa wepesi wake, mwaka 2015 Citizen Lab walionyesha kwamba ilikuwa inavujisha taarifa za watumiaji wake. Wepesi una gharama yake.

Nini kifanyike

Kwa mtu mmoja mmoja, mambo ni machache. Ingia Play Store, gusa picha yako juu kulia, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, ruhusu masasisho ya programu kwa mtandao wowote. Ukiogopa bando, acha ilivyo, lakini jiwekee siku moja kwa mwezi ya kusasisha vitu viwili kwa mkono: kivinjari chako na kile kinachoitwa Android System WebView, ambacho programu nyingi hukitumia kufungua kurasa ndani yake. Tangu 2012 Google wamekuwa wakipunguza ukubwa wa masasisho kwa kuleta tofauti tu badala ya programu nzima, hivyo si mzigo kama wa zamani. Ukifika Mpanda au mahali penye waifai, hiyo iwe kazi ya kwanza kabla ya YouTube.

Kwa ndugu zangu wa steshenari: zima kabisa uhifadhi wa maneno ya siri. Mfungulie kila mteja dirisha la faragha. Kompyuta ikigandishwa, igandue mara moja kwa wiki, isasishe, uigandishe tena. Na mkumbuke Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Unapobaki na nakala za vyeti na namba za NIDA za watu, hayo si mafaili ya kawaida tena. Sheria inakutazama.

Lakini kama nilivyosema, sitaki tuishie kumhubiria mnyonge. Wenye uwezo mkubwa zaidi ni wengine.

Makampuni ya simu. Oktoba 2014 Tigo (sasa Yas) walishirikiana na Facebook kuleta Internet.org Tanzania, na Facebook ikapatikana bila kukatwa bando. Kwa hiyo usiniambie haiwezekani kiufundi. Kama kuangalia picha za marafiki kuliwezekana kuwa bure, kwa nini kiraka cha usalama kisiwe bure? Anayekula hasara ya wizi wa mtandaoni ni huyo huyo mteja wao anayeweka pesa kwenye simu. TCRA, ambao ndani yao ipo timu ya kitaifa ya matukio ya kompyuta, TZ-CERT, wanaweza kulifanya jambo hili kuwa la mezani. Na wakati huo huo watoe tahadhari kwa Kiswahili kifupi, cha kusomwa redioni. Tangazo la tundu lililoandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi halimfikii mwenye steshenari.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya 2006, umefanya kazi ya kusukuma minara kwenda vijijini. Sasa mnara umefika. Hatua inayofuata iwe waifai ya shule na ya ofisi ya kata, hata ya saa mbili jioni, ambayo simu za kijiji zitapitia kujisasisha. Chanjo za watoto tulizifikisha vijijini kwa majokofu na baiskeli. Hatukusema mama asiye na jokofu nyumbani ni mzembe.

Na Google, mnaouza Android kwa bilioni ijayo ya watumiaji: mpangilio wa "waifai pekee" uliowekwa kiwandani uwe na ubaguzi mmoja. Kiraka cha tundu linalotumiwa na wahalifu kipite kwa njia yoyote, kikiwa chembamba iwezekanavyo, na mtumiaji aulizwe kwa lugha yake. Swali moja tu la Kiswahili kwenye skrini: kuna hatari, sasisho ni megabaiti kadhaa, nilete? Watu wetu wakiulizwa kwa heshima wanajua kuamua.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia kwamba ufa mwingine unazibwa na fundi aliyeko mbali, na kwamba udongo wake unakuja kwa waifai. Basi kabla hujafunga ukurasa huu, angalia kivinjari unachosomea kilisasishwa lini. Halafu mpigie mdogo wako aliyeko kijijini, umuulize swali hilo hilo. Kama hajui, mtumie bando dogo la kazi hiyo peke yake.

Mwenye maoni, hasa ninyi mlioko Katavi, karibuni. Tuko pamoja.